Nitamwitaje Mungu Baba baada ya kumzika mwanangu?

Swali: "Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 33, naishi Tabata. Februari nilimzika mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka sita. Alikuwa na selimundu. Tuliomba, tulifunga, nikatoa sadaka kwenye huduma moja walikosema watavunja laana ya ukoo. Usiku wa mwisho mjomba wangu alimpakata kwenye bajaji mpaka hospitali, mimi naliita jina la Yesu njia nzima. Msibani watu wakaniambia Mungu amempenda zaidi. Baba yangu mzazi alituacha nikiwa na miaka tisa, akaenda kuoa kwingine. Sasa kanisani tukifika kwenye 'Baba yetu uliye mbinguni' mdomo wangu unajifunga. Mume wangu hataki tumzungumzie mtoto. Mtaani wameacha kuniita mama wa huyo mwanangu, wananiita kwa jina la mdogo wake. Picha yake ya sare ya shule nimeifungia kabatini. Siku nyingine natamani nisiamke. Nitamwaminije Mungu kuwa ni baba mwenye upendo? Naomba usitaje majina yetu."

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Jina la mtoto wako sitaliandika, kama ulivyoomba, ila nimelisoma kwa sauti nikiwa peke yangu ofisini. Wewe ni mama yake bado. Wanaokuita kwa jina la mdogo wake wanadhani wanakupunguzia uchungu, na una haki ya kuwaambia kwa upole waendelee kukuita kama zamani.

Nianze na sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho: siku nyingine unatamani usiamke. Wazazi wengi waliofiwa wameniambia hivyo, maana msiba unachosha mwili mpaka mtu anatamani usingizi usio na mwisho. Lakini kama tamaa hiyo imeanza kuwa mpango, kama umeshafikiria utafanya nini na lini, acha kusoma hapa, mwambie mjomba wako sasa hivi, akupeleke hospitali leo hii. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali yoyote iliyo karibu itakupokea kwanza. Hilo si kukosa imani. Nabii Eliya alilala chini ya mretemu akamwambia Mungu yatosha, aiondoe roho yake. Mungu hakumkemea na wala hakumhubiria. Alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akaamshwa ale mara ya pili. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako, kabla ya swali lolote la dini, ni hili: unakula? Unalala? Ni nani anakupikia?

Sasa hiyo laana ya ukoo. Hapa utaniwia radhi, nitasema kwa ukali, na ukali huo si kwako.

Selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli, hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kinasaba kinachoelekeza himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, itengenezwe vipi, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja tu yenye hitilafu kwa kawaida haumwi, anacheza mpira, anaoa, anazeeka bila kujua. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye selimundu. Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Na kinasaba hicho kimekuwa kingi kwetu kwa sababu mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hebu litafakari hilo taratibu. Huenda kitu kilichomwokoa bibi yako asife kwa malaria akiwa mchanga, ndicho hichohicho kilichokutana na cha upande wa mume wako ndani ya mwili wa mwanao. Hapo hakuna mchawi, hakuna madhabahu ya mababu, na hakuna dhambi uliyosahau kuitubu. Hukumpa mtoto ugonjwa kwa kosa. Ulimpa ulichopewa, hukujua, na yeye uliyemrithi naye hakujua.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali lilelile uliloulizwa wewe kwenye ile huduma: nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Yesu akajibu kwamba huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Mistari hiyo imo kwenye Yohana sura ya 9, na mtu anayekuuzia uvunjaji wa laana ya ugonjwa wa kuzaliwa nao angepaswa kuipitia kabla hajapokea pesa ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Usitoe shilingi nyingine. Badala yake mpeleke mdogo wake akapimwe, kama hajapimwa. Kwa mtu wa Tabata, hospitali ya Amana ni pa kuanzia, na Muhimbili wana kliniki ya selimundu. Akiwa nao, kuna mengi ya kufanya tangu mapema: penisilini ya kumkinga na maambukizi, foliki asidi, chandarua kila usiku, na dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Wewe na mume wako mkitamani mtoto mwingine, zungumzeni na daktari kwanza. Dawa na vipimo haviko upande mmoja na Mungu akawa upande mwingine.

Nije kwenye lile neno la msibani.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, nilizika mtoto wa miaka mitatu makaburi ya Kinondoni. Nikasema nililosikia wakubwa wangu wakisema: sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Watu wakaitikia amina. Tukiwa tunarudi kwenye magari, mama wa mtoto akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mchungaji, kwani mimi nilimpenda kidogo?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sijalitamka tena kaburini. Walioliokota na kukupa walikuwa na nia njema, wengine walilala kwenye mkeka wako siku tatu, usiwachukie. Lakini ukilifuata neno lenyewe mpaka mwisho, linamfanya Mungu kuwa mtu aliyekaa anatazama watoto wa wenzake na kujichukulia anayempendeza. Ukimwona hivyo, mdomo lazima ujifunge kwenye "Baba yetu". Wangu ungejifunga pia.

Biblia haikiiti kifo upendo. Paulo anakiita adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Yesu alipofika kwenye msiba wa Lazaro aliugua rohoni, akafadhaika, akalia machozi, ilhali alikuwa anajua atakachofanya muda si mrefu. Angekuwa anaamini kwamba mauti ya rafiki yake ni ishara ya kupendwa zaidi, asingelia. Na Maombolezo, kitabu kilichoandikwa mji ukiwa magofu, kinathubutu kusema kwamba moyo wake Mungu hapendi kuwatesa wanadamu wala kuwahuzunisha. Kwa nini mtoto wa jirani alipona na wako hakupona, Maandiko hayasemi, na mimi sitakutungia sababu.

Najua utaniambia, "Mbona Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa?" Alisema. Ila angalia aliyesema ni nani. Alisema aliyefiwa mwenyewe, wala hakuambiwa na waliokuja kumpa pole. Tena hayo ni ya sura ya kwanza tu. Kuanzia sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anamshitaki Mungu, anamwita waonane uso kwa uso, na maneno yake hayakomi mpaka sura ya thelathini na moja. Rafiki zake wanashtuka, wanamtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri: labda umekosa, labda ni fundisho, tubu. Mwisho Mungu mwenyewe anatoa hukumu, na anawaambia wale rafiki kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Yule mlalamikaji ndiye aliyepata sifa. Rafiki zake walipatia siku saba za mwanzo, walipokaa naye chini bila neno, kama tunavyokaa sisi mkekani, wakaharibu walipofungua midomo.

Miaka niliyotumika wodini ilinionyesha jambo ambalo chuo cha theolojia hakikunionyesha. Kulikuwa na binti mdogo aliyeungua na uji. Manesi wakimsafisha kidonda alikuwa anatulia, macho yako darini, hata kunung'unika hanung'uniki. Wageni walimsifu: mtoto jasiri. Saa ya kuona wagonjwa baba yake akaingia, katoka kazini na vumbi lake, kashika mfuko wa machungwa. Alipomwona tu, yule mtoto alipasua kilio wodi nzima ikageuka. Alimpiga baba yake kwa mkono usio na bandeji. "Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi?" Mama mmoja wa kitanda cha jirani akasema, "Mwacheni, anadeka. Kamwona wake."

Kudeka. Tumezoea kulitumia neno hilo kama lawama, kwa mtoto aliyeharibiwa na kubembelezwa. Lakini mtoto hadeki kwa mtu asiyemjua. Hadeki kwa nesi, wala kwa kondakta wa daladala. Anadeka kwa yule ambaye ndani kabisa anamhesabu kuwa wake, na kadiri maumivu yalivyo makubwa ndivyo anavyomdekea zaidi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wapo waliolichunguza jambo hili kwa makini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hospitali nyingi za Uingereza ziliruhusu wazazi kuwaona watoto waliolazwa kwa nadra tu, kwa sababu mtoto akimwona mama analia na kuvuruga wodi. James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, alikaa kwenye wodi hizo akawatazama. Akaona mtoto aliyeachwa anaanza kwa kupinga, analia na kuita. Kisha anakata tamaa, anajikunja. Kisha anatulia, anakula, anachekea mtu yeyote, na mama akija anamtazama kama mgeni. Manesi walifurahi wakisema sasa amezoea. Robertson na Bowlby walisema hapana, hapo ndipo pa kuogopa, maana mtoto ameanza kujitenga na yule aliyemhitaji.

Kwa hiyo, mwanangu, hasira uliyonayo kwa Mungu hainitishi. Ningeogopa zaidi kama ungeniandikia kwamba umezoea, unaitikia "Mungu ni mwema" pamoja na wengine na moyo wako uko darini kama macho ya yule binti. Wewe bado unauliza ulikuwa wapi. Unamuuliza Yeye. Mtu aliyeacha kuamini kwamba ana baba hasumbuki kumuuliza baba alikuwa wapi.

Na Zaburi ndivyo zilivyo. Ziko 150, na zaidi ya theluthi moja ni vilio na malalamiko. Ya 13 inamrushia Mungu "hata lini" mara nne kwenye mistari miwili ya kwanza: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Ya 88 haipandi hata mwishoni, neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya kitabu cha sala za watu wa Mungu waliiacha humohumo, hawakuitafutia mstari wa furaha wa kuifungia. Nikiwa na mfiwa anayesema hawezi kuomba, humpa hiyo.

Sasa nirudi kwenye mdomo unaojifunga. Neno Aba, ambalo ni baba katika Kiaramu, lugha aliyoongea Yesu nyumbani, limeandikwa mara tatu tu katika Biblia nzima. Katika Injili liko mara moja. Ukiniambia nikisie Yesu alilitamka wapi, ningesema pengine akiwa amebeba watoto, au mlimani asubuhi kukiwa shwari. Marko ameliweka Gethsemane, usiku, Yesu akiwa chini kifudifudi: Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki. Aliomba, akarudi akaomba maneno yaleyale. Kikombe hakikuondolewa. Kesho yake msalabani akapaza sauti kwa maneno ya Zaburi ya 22, mbona umeniacha. Sehemu nyingine mbili ni za Paulo, Warumi 8 na Wagalatia 4, na pote anasema ni neno la kulia: twalia, Aba. Kwenye Warumi, mistari miwili tu mbele, anaongeza habari ya kuteswa pamoja naye.

Hili limenishika kwa miaka. Neno la ndani kuliko yote la kumwita Mungu halikutunzwa kwa watu waliopata walichoomba. Lilitoka kwenye kinywa cha Mwana aliyeomba kwa machozi na asiepushwe. Wewe ukiwa kwenye bajaji usiku ule, unaita njia nzima, hukuwa mbali na mahali neno hilo lilikotamkwa. Na Mungu ninayekuambia umwamini ndiye aliyesimama pande zote mbili za usiku wa namna hiyo, kama Mwana anayelia na kama Baba aliyemzika mtoto. Simjui Mungu mwingine ambaye ningethubutu kumleta mbele ya mama kama wewe. Yule wa kaburi la Lazaro na wa asubuhi ya Pasaka ni huyohuyo, na ndiyo maana nakuambia mwanao hajapotelea mahali. Lakini hilo sikulazimishi ulihisi leo.

Kuhusu baba yako aliyewaacha, wengi watakushauri umfikirie baba yako, kisha umfikirie aliye bora zaidi. Ushauri huo haujawahi kumsaidia mtu yeyote niliyemshauri aliyeachwa, kwa sababu kuachwa hakukuzwi kukawa upendo. Ningeanzia kwa mjomba wako. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba anampigia magoti Baba ambaye kwa jina lake ubaba wote wa mbinguni na wa duniani unaitwa. Ubaba wote. Yule mtu aliyepakata mtoto asiye wake kwenye bajaji usiku ule, aliuchukua wapi ubaba huo? Hakuutoa kwa baba yako. Hapo unaweza kusimama kwanza. Na neno lenyewe likiendelea kukukwama kooni, liache kwa muda. Daudi alimwita Mungu mwamba, ngome, mchungaji. Isaya anamfananisha na mama anayenyonyesha, asiyeweza kumsahau mwana wa tumbo lake. Zaburi ya 27 imemwandika mtu kama wewe waziwazi: baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake. Kanisani wakifika kwenye Baba Yetu, nyamaza. Waliosimama kushoto na kulia kwako watalisema kwa niaba yako. Sala ile imeandikwa kwa wingi, Baba yetu, mkate wetu, na mara nyingi nimedhani ni kwa ajili ya siku ambazo mmoja wetu hawezi. Yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini hakuulizwa kiasi cha imani yake, Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao, ya wale wanne waliombeba.

Ukiwa nyumbani, jaribu hivi. Usiku wengine wakilala, soma Zaburi ya 13 kwa sauti, mistari minne ya kwanza tu. Mistari ya tano na sita, ya kutumaini na kuimba, iache ikusubiri, iwe ni wiki, iwe ni miezi. Kisha mwambie Mungu kwa Kiswahili chako cha Tabata unachotaka kumwambia, hata kama ni kumuuliza alikuwa wapi. Usitafute maneno ya madhabahuni. Ukiishiwa, lia tu. Paulo anasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kilio chako kina mtu wa kukifasiri.

Mume wako usimhesabu kuwa hajali. Wanaume wengi wa mji huu wanaomboleza kwa kuondoka alfajiri na kurudi usiku. Usimlazimishe azungumze, mwombe tu aende nawe kaburini siku moja, hata msiposema kitu.

Jumatano nipo ofisini kuanzia saa tisa alasiri, namba yangu unayo. Njoo, na mjomba akikusindikiza ni vizuri zaidi. Itoe ile picha kabatini uje nayo. Habari za ugonjwa wake umenieleza, sasa nataka uniambie habari zake yeye: alipenda kula nini, alimwogopa nani, alikuwa akicheka vipi. Mimi nitachemsha chai, na siku hiyo ukiingia mlangoni nitakuita kwa jina lake.